Michenzani: Majumba ya Karume na Ua wa Watu Wote

Jina ni la miti, michenza, lakini anayesimama leo kwenye kipilefti cha Michenzani, Unguja, anaona saruji: majumba marefu ya ghorofa yanayokwenda pande zote nne, mengine karibu mita 300, veranda juu ya veranda.

Hapa palikuwa Ng'ambo, yaani ng'ambo ya mkono wa bahari uliofukiwa pale Darajani. Watu wake wengi walikaa nyumba za udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alitaka mchukuzi na mkwezi nao wapate nyumba ya kudumu, yenye bomba na umeme. Ujerumani Mashariki ikasaidia kujenga Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 mpangaji miji wake, Hubert Scholz, akachora mpango wa mji mpya. Nyumba za zamani zikabomolewa, wananchi wakaitwa kwenye kazi za kujenga taifa. Karume aliuawa Kisiwandui, jirani kabisa na hapa, tarehe 7 Aprili 1972. Ujenzi wa majumba ya Michenzani haukusita.

Kasoro ya majumba haya isifichwe hata siku ya kumkumbuka Karume. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na ua nyuma. Uani ndiko nazi inakokunwa, samaki anakokaangwa, mashoga wanakopeana habari. Aliyehamishiwa ghorofa ya tano alipewa ngazi. Maji yasipopanda, ndoo ilipanda kichwani mwake.

Basi wakaazi wakaushusha ua wao chini. Penye kivuli cha jumba pakawekwa benchi, kisha bao, kisha birika la kahawa na sinia la kashata. Wauza urojo, mishkaki na chipsi za muhogo wakafuata. Kwangu mimi, huo ndio mkahawa mkongwe wa Michenzani, ingawa hauna kibao wala mwenyewe mmoja. Kando yake ipo maskani ya Kisonge, ambako siasa huliwa kila siku.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe, ulio upande wa pili wa Darajani, katika Urithi wa Dunia. Ng'ambo ikabaki nje ya mpaka, na hilo linaniuma, maana historia ya mji huu ni ya pande zote mbili. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulikuja baadaye kuwauliza wakaazi wenyewe wanathamini nini.

Jioni, baada ya magharibi, mtoto hutumwa na bakuli kutoka juu. Hurudi akipanda polepole, urojo usimwagike.