Mawimbi ya redio na umbali wa galaksi hafifu

WINGU la gesi lililonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, lingeweza kuwa kitu kidogo cha jirani au galaksi kubwa ya mbali. Mawimbi yenyewe hayakueleza ni kipi, na hilo ndilo tatizo sugu katika kupima umbali wa galaksi kibete, yaani zile ndogo na hafifu zilizotawanyika kuzunguka galaksi yetu na jirani zake.

Gesi ya haidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mtaalamu wa Uholanzi, Hendrik van de Hulst, aliyabashiri mwaka 1944, na mwaka 1951 yakanaswa nchini Marekani. Gesi inapokwenda mbali nasi mawimbi hayo hurefuka, kama mlio wa honi unavyoshuka gari likishapita. Kinachopatikana hapo ni kasi, si umbali.

Kwa galaksi za mbali kasi hutosha, maana ulimwengu unapanuka: kila miaka ya nuru milioni 3.26 huongeza takriban kilomita 70 kwa sekunde. Kwa zilizo karibu hesabu hiyo huvurugika, kwani mvuto wa galaksi kubwa huziyumbisha ndogo, na Jua lenyewe halikutulia mahali pamoja.

Wingu la Arecibo, katika kundinyota la Simba, lilikuwa na kasi ya kilomita 264 kwa sekunde. Kwa kugawanya tu, umbali ungefika miaka ya nuru milioni 12 hivi. Darubini za kawaida zilipoelekezwa hapo zikakuta nyota, na mwaka 2013 galaksi hiyo ikatangazwa kwa jina la Leo P. Darubini ya Hubble ikapima nyota ambazo mng'ao wake halisi unafahamika. Matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha miaka ya nuru milioni 5.3, nje kidogo ya kundi letu la galaksi. Kosa hilo lisingekuwa dogo. Uzito wa gesi hukua kwa mraba wa umbali, hivyo Leo P ingedhaniwa kuwa na gesi zaidi ya mara tano ya iliyonayo.

Kanuni ya Tully na Fisher ya mwaka 1977, inayolinganisha kasi ya mzunguko wa galaksi na mng'ao wake, hufaa zaidi kwa galaksi kubwa za umbo la sahani. Kibete nyingi hazizunguki kwa utaratibu huo.

Isitoshe, nyingi kati ya zinazoizunguka galaksi yetu kwa karibu zimekwishapokonywa gesi, na redio haina cha kusikia. Mawingu ya Magellan, yanayoonekana kwa macho matupu hata Tanzania, bado yanayo. Leo T, iliyogunduliwa mwaka 2007, nayo inayo, lakini iko umbali wa miaka ya nuru milioni 1.4.

Arecibo iliporomoka Desemba 2020. Kazi ya kusaka mawingu hayo inaendelea kwa darubini ya FAST ya China, yenye kipenyo cha mita 500, na MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64.