Ukuta wa Punch na Safari ya Kutafuta Msaada

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na kundi lililojiita Punch. Nilikuwa bado sekondari, na nakumbuka kina mama mtaani kwetu walivyozungumzia habari ile kwa sauti ya chini. Leo mimi ni muuguzi ninayeishi Al Jaddaf, Dubai. Waswahili wenzangu hapa wana mabinti vyuoni, nao huniuliza: binti akitendewa ukatili wa kingono, aende wapi?

Kwanza waelewe Punch ilivyofanya kazi. Usiku watu wasiojulikana walibandika ukutani michoro na matusi, hasa dhidi ya wanafunzi wa kike. Aliyechorwa alitengwa, na aliyeonekana akizungumza naye naye alichorwa. Adhabu yenyewe ilikuwa upweke. Binti angemlilia nani, ikiwa kila rafiki aliogopa zamu yake?

Waliouvunja ukimya ule kwa nguvu ni wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987. Waliandika, wakapiga kelele, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakawa na kituo cha kuwapokea na kuwashauri wanawake waliotendewa ukatili. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA, iliyotaja pia unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa.

Ila sheria na mlango wa hospitali ni vitu viwili. Nilipoanza kazi Tanzania, aliletwa binti wa chuo alfajiri moja, kajifunga khanga juu ya gauni lililochanika. Karani akamwambia, "Kalete PF3 kwanza." Maana yake arudi polisi kuchukua fomu hiyo, aeleze upya mbele ya kaunta, agongewe muhuri, ndipo atibiwe. Rafiki yake aliyemsindikiza akasema, "Dada, mtibuni, fomu naifuata mimi." Akaenda, akarudi nayo jua limeshawaka. Sisi tulikuwa tumeshaanza matibabu.

Baadaye njia ikafupishwa. Polisi wakafungua madawati ya jinsia na watoto, na baadhi ya hospitali zikaanzisha vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, askari na mshauri wanapatikana mahali pamoja. Sheria ya rushwa ya 2007 ikaitaja rushwa ya ngono. Hata hivyo Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri Vicensia Shule aliandika Twitter kwamba rushwa hiyo imekithiri chuoni. Baada ya hapo madawati ya jinsia yakaanza kufunguliwa vyuoni nchini.

Huku Dubai hofu ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2013 mwanamke wa Norway aliyekwenda polisi kuripoti kubakwa alihukumiwa kifungo cha miezi 16 kwa makosa yaliyojumuisha kufanya ngono nje ya ndoa. Akasamehewa baada ya dunia kupiga kelele. Sheria ya jinai iliyoanza kutumika Januari 2022 inataka mashitaka ya aina hiyo yaletwe na mume au mke, au mlezi. Polisi wanapigiwa 999, na Taasisi ya Dubai ya Wanawake na Watoto, iliyoanzishwa 2007, inapokea simu kwa namba 800111.

Kwa hiyo nawajibu wazazi hivi. Binti asioge, asifue nguo. Aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Awahi hospitali: dawa ya kuzuia VVU haifai kuanzishwa baada ya saa 72. Aandike tarehe, saa na majina angali akikumbuka. Na asiende peke yake. Punch ilishinda kwa kuwafukuza marafiki; basi wewe mzazi, dada au jirani, ukiitwa na mwenzio saa nane za usiku, nenda kwanza, maswali baadaye.