Mitambo ya kutafutia habari kwenye intaneti: nani alitawala, nani akaanguka, na Rutshuru inahusika vipi

Mukaaji wa Kiwanja akisikia kwamba barabara ya Goma imefungwa, mara nyingi anashika simu, anaandika maneno mawili matatu na kungoja jibu. Jibu hilo linatoka kwenye mutambo wa kutafutia habari, na karibu kila mara mutambo huo ni Google. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Mbele ya Google kulikuwa wakubwa wengine, na leo vijana wengi hawajui hata majina yao.

Mutambo huo unafanya nini?

Ni programu inayopita kwenye kurasa za intaneti usiku na muchana, inachukua maneno yaliyomo na kuyapanga kama faharasa ya kitabu. Mutu akiuliza, programu haianzi kuzunguka dunia muda ule. Inafungua faharasa yake na kuamua ukurasa gani ukae juu na gani ukae chini. Nguvu yote iko hapo, sababu watu wengi wanasoma majibu ya juu tu.

Wakubwa wa kwanza

Kunako mwaka wa 1990, Alan Emtage, muzaliwa wa Barbados aliyekuwa kwenye Chuo Kikuu cha McGill, inchini Kanada, alitengeneza Archie, inayohesabiwa kuwa mutambo wa kwanza. Ilitafuta majina ya faili tu. Mwaka 1994, Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaanzisha Yahoo. Hapo watu ndio walipanga tovuti kwa mukono, kama muchuuzi anavyopanga meza yake: chumvi huku, sabuni kule. Desemba 1995 ikatokea AltaVista, ya kampuni Digital Equipment Corporation, iliyosoma maneno yote ya ukurasa na kujibu haraka. Kwa miaka michache ilikuwa mufalme.

Pa Goma, waliolipa kwa saa katika vyumba vya intaneti miaka ya 2000 wanaikumbuka zaidi Yahoo: wengi walifungua huko barua pepe yao ya kwanza.

Google ilishinda namna gani?

Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, waliunda kampuni yao Septemba 1998. Walihesabu kiungo kinachotoka ukurasa mumoja kwenda mwingine kama ushuhuda, na ushuhuda wa ukurasa unaoheshimiwa ukawa na uzito zaidi. Ni kama kutafuta fundi wa pikipiki: anayesifiwa na watu wengi, na zaidi na mafundi wenzake, ndiye anayepelekewa kazi.

Mwaka 2000, Yahoo yenyewe ikakabidhi Google kazi ya kutafuta kwenye tovuti yake. Ilipoachana nayo mwaka 2004, watu walikuwa wamekwisha kuzoea Google. Yahoo, iliyokuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 mwanzoni mwa 2000, iliuza biashara yake ya intaneti kwa kampuni Verizon mwaka 2017 kwa chini ya dola bilioni 5. AltaVista ilifungwa Julai 2013. Bing ya Microsoft, iliyoanza 2009, haijaweza kumuangusha mukubwa huyo.

Ubora si sababu pekee

Simu nyingi za Android zinauzwa Google ikiwa tayari ndani. Serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo mwaka 2020, na mahakamani ikajulikana kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na programu za wengine. Agosti 2024, jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze Chrome, lakini akakataza mikataba ya kuwafungia wengine mulango.

Tena, Google haitawali kila fasi. China kuna Baidu, na Urusi kuna Yandex. Na tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, watu wengi wanaiuliza programu inayoandika jibu lenyewe. Google nayo imeanza kufanya hivyo.

Rutshuru inahusika vipi?

Kwanza, mutambo hauwezi kuonyesha kile ambacho hakuna aliyeandika. Kurasa za Kifaransa na Kiingereza ni nyingi kuliko za Kiswahili, na za Kinande au Kihunde ni chache kabisa. Ndiyo maana anayetafuta jina Rutshuru anakutana haraka na vita au sokwe wa Virunga, lakini bei ya maharagwe sokoni Kiwanja ni vigumu kuipata.

Pili, jibu la juu si lazima liwe la kweli. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini, uvumi ulifanya watu wengine wakimbie vituo vya matibabu. Kwa hiyo mbele ya kuamini au kutumia wengine habari, mutu aangalie mambo manne: tarehe, nani aliandika, kama ni tangazo lililolipiwa, na kama chanzo cha pili kinasema vilevile. Programu zinazoandika jibu lenyewe nazo zinakosea, tena kwa lugha ya uhakika.

Tatu, mutandao unaweza kuzimwa. Ilitokea Desemba 31, 2018, kiisha uchaguzi, na inchi nzima ikakaa karibu wiki tatu bila intaneti. Siku kama hizo, na hata siku za kawaida, anayetaka kujua kama barabara ya Goma inapitika afazali ampigie dereva aliyepita asubuhi ile.