Njia ya mkato na simlinki: ndugu wasiofanana

Leo tupige historia kidogo.

Mwaka 2013, nikiwa kidato cha pili, nilichapa ripoti ya mradi wa sayansi katika saiba moja hapa Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi. Mhudumu aliniwekea ikoni kwenye deskitopu, nami nikaiburuta hadi flashi diski, nikalipa, nikaondoka. Shuleni faili ikakataa kufunguka. Kumbe nilibeba njia ya mkato tu, kilobaiti moja! Ripoti yenyewe ilibaki saiba, na mashine zile zilifutwa kila jioni. Alama zangu zikaenda hivyo.

Kosa lilianzia wapi? Unix ilikuwa na linki ngumu tangu mwanzo, lakini hizo haziwezi kuvuka kutoka diski moja hadi nyingine. Mwaka 1983, toleo la 4.2BSD kutoka Berkeley likaleta simlinki. Microsoft nao wakaja na njia za mkato katika Windows 95, faili zenye kiambishi .lnk.

Tofauti ni hii. Njia ya mkato ni kama karatasi iliyoandikwa "mbuzi wako yuko zizi la tatu". Deskitopu ya Windows inajua kuisoma, lakini programu nyingine ikiifungua moja kwa moja inakuta karatasi, haikuti mbuzi. Simlinki ni mlango wa pili wa zizi lenyewe: kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachokupeleka, na programu haijui kama imepita mlango wa pili. Ningekuwa kwenye Linux na ikoni ile iwe simlinki, amri ya cp ingenakili ripoti yenyewe.

Windows ilipata simlinki kamili katika Vista, kwa amri ya mklink. Lakini flashi nyingi hutumia FAT32, ambayo haihifadhi simlinki, kwa hiyo .lnk ikabaki mfalme wa saiba.

Virusi navyo vikaona nafasi. Mwaka 2010 Stuxnet ilitumia udhaifu wa .lnk: kuitazama ikoni tu kulitosha. Virusi vya saiba zetu vilificha folda na kuweka njia za mkato bandia zenye majina yaleyale. Wengi waliformati flashi wakidhani kazi imepotea, kumbe imefichwa tu. Kama flashi yako ni E, safisha virusi kwanza, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Na kabla ya kuondoka saiba, angalia ukubwa wa faili. Kilobaiti moja? Umebeba karatasi, mbuzi amebaki.

Hadi wakati mwingine.