Utunzaji wa pampu ya ombwe ya utomvu wa mepo

Utunzaji wa pampu ya ombwe ya utomvu wa mepo ni kazi ya kuiweka katika hali nzuri mashine inayoondoa hewa ndani ya mirija iliyounganishwa na miti ya mepo, ili utomvu wa miti hiyo utoke kwa wingi zaidi. Mepo ni mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Utomvu wake, hasa wa spishi ya Acer saccharum, huchemshwa hadi kuwa shira tamu ya rangi ya kahawia. Jimbo la Quebec nchini Kanada hutoa zaidi ya theluthi mbili ya shira hiyo duniani. Nchini Marekani jimbo linaloongoza ni Vermont.

Wenyeji asilia wa maeneo hayo walijua kuvuna utomvu huo kabla ya Wazungu kufika. Hadi leo wenye miti michache hutundika ndoo tu. Wenye mamia au maelfu ya miti hutumia mirija ya plastiki na pampu.

Sababu za kutumia ombwe

Utomvu hutiririka mwishoni mwa majira ya baridi, takriban Februari hadi Aprili, wakati usiku maji yanaganda na mchana halijoto inapanda juu ya sentigredi 0. Una sukari karibu asilimia 2 tu, hivyo huhitajika lita 40 hivi za utomvu kupata lita 1 ya shira. Msimu wote huchukua wiki chache, na ndani yake siku za mtiririko mzuri si nyingi. Pampu ikiharibika siku mojawapo ya hizo, mavuno ya siku hiyo yamepotea.

Watu husema kwamba pampu inaunyonya mti. Kwa lugha ya fizikia ni afadhali kusema hivi: utomvu hutoka kwa sababu kanieneo (msukumo) ndani ya mti ni kubwa kuliko ile iliyo nje ya tundu. Pampu hupunguza kanieneo ya upande wa nje, na kadiri tofauti inavyokua, ndivyo utomvu unavyotoka zaidi. Utafiti wa kituo cha Proctor cha Chuo Kikuu cha Vermont umeonyesha kwamba kila inchi 1 ya zebaki inayoongezeka katika ombwe huongeza mavuno kwa asilimia 5 hadi 7.

Ombwe husomwa kwenye geji kwa inchi za zebaki. Katika usawa wa bahari upeo wake ni karibu 29.9, na mfumo uliotunzwa vizuri hufikia 25 hadi 28. Upeo huo hupungua kwa inchi 1 hivi kila unapopanda mita 300. Mwanafunzi wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, hataona geji ikipita 24 au zaidi kidogo hata kama pampu ni mpya kabisa. Jambo hili huwasahaulisha wengi, wakaifungua pampu isiyo na kosa.

Sehemu za mfumo

Kila mti hutobolewa tundu la kina cha sentimita 4 hadi 5, na kijibomba huchomekwa humo. Mirija myembamba huteremka hadi kwenye bomba kuu, nalo huishia kwenye kibanda chenye kitenganishi, yaani chombo kinachoutoa utomvu kwenda tangini bila kuruhusu hewa kuingia. Kati ya kitenganishi na pampu huwekwa mtego wa maji. Kwa kawaida pampu hukadiriwa iweze kuondoa lita 28 za hewa kwa dakika kwa kila matundu 100.

Pampu iliyozoeleka zaidi tangu zamani ni ya rota yenye vibao vinavyoteleza ndani ya mifereji yake. Nyingi za aina hiyo zilinunuliwa kutoka kwenye mashine za kukamulia ng'ombe, na mfugaji wa Afrika Mashariki mwenye mashine ya kukamulia ataitambua mara moja. Kuna pia pampu za mzingo wa maji, ambazo maji yanayozunguka ndani yake ndiyo yanayoziba nafasi na kusukuma hewa, na pampu kavu za kisasa zisizo na oili mahali hewa inapopita.

Maji na oili

Adui mkubwa wa pampu ya vibao ni maji. Hewa inayotoka kwenye mirija imejaa mvuke, na mvuke huo hutonea ndani ya pampu ikiwa baridi. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi na kufanana na maziwa au chai ya maziwa. Ikionekana hivyo katika kioo cha kupimia, ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa maana haiwezi tena kulainisha wala kuziba. Oili inayofaa ni ile ya pampu za ombwe iliyoelekezwa na mtengenezaji. Oili ya injini za magari ina viungo vya kusafishia ambavyo hushikilia maji na uchafu ndani yake.

Njia rahisi ya kuyafukuza maji ni joto. Kabla ya kuzima, vali ya upande wa mirija hufungwa na pampu huachwa izunguke nusu saa hivi hadi ipate moto, ikiruhusiwa kuvuta hewa kidogo tu, ili mvuke utoke pamoja na hewa hiyo.

Hatari zaidi ni utomvu wenyewe kuingia. Hutokea kitenganishi kinapokwama, mara nyingi kwa barafu. Mtego wa maji una boya linalopanda na kuziba njia, lakini boya lenye utando wa sukari hushindwa kupanda. Linapaswa kuoshwa kwa maji ya moto mara kwa mara. Pampu iliyokwisha kumeza utomvu isiachwe hadi kesho: sukari hugeuka gundi na kuvikamata vibao, na chuma huanza kutu. Oili yote hutolewa, pampu husuuzwa kwa oili safi mara mbili au tatu, kisha huendeshwa hadi ikauke.

Kwa pampu ya mzingo wa maji hesabu ni nyingine. Katika ombwe la inchi 28 maji huchemka kwenye sentigredi 38 tu. Maji ya pampu yakipata joto hugeuka mvuke na geji hushuka, hivyo yanahitaji kupozwa. Usiku wa baridi kali, pampu ikiwa imezimwa, yasipomwagwa huganda na kupasua kasha lake.

Geji inaposhuka

Kabla ya kushika spana, hufungwa vali iliyo kati ya pampu na mirija, na geji ya upande wa pampu husomwa. Ikipanda hadi kiwango chake cha kawaida, pampu ni nzima na kosa liko msituni: kindi ametafuna mrija, tawi limeanguka, au kijibomba kimechomoka. Huko ndiko yaliko matatizo mengi. Geji isipopanda, ndipo hukaguliwa mkanda uliolegea, chujio lililoziba, vali ya kudhibiti ombwe iliyobaki wazi, na mwishowe vibao. Vibao hupimwa upana wake. Vilivyolika kupita kipimo cha mtengenezaji hubadilishwa vyote kwa pamoja.

Kuchelewa kuna madhara hata kwa mti. Ombwe linapokosekana na mti ukaanza kuganda, huvuta nyuma utomvu uliobaki kwenye mrija pamoja na bakteria waliomo, na tundu huziba mapema. Kwa sababu hiyo wengi huiacha pampu ikifanya kazi hadi mirija igande yenyewe.

Kuhifadhi baada ya msimu

Pampu hukaa bila kazi karibu miezi 10, na nyingi huharibika katika muda huo. Baada ya kusafishwa na kukaushwa, oili mpya hutiwa kupitia mdomo wa kuingizia hewa huku rota ikizungushwa kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa. Midomo yote miwili huzibwa ili unyevu na panya wasiingie. Mkanda hulegezwa, beringi za mota hutiwa grisi, na rota huzungushwa kidogo kila mwezi ili vibao visigande mahali pamoja. Kabla ya kuiwasha tena, vizibo hutolewa kwanza, hasa cha upande wa kutolea hewa.