Orodha ya Majina na Kufuli la Diski: Kasulu na Kibondo

Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, iliwachukua kwa awamu hadi mjini, kisha mabasi yakawapandisha kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Oktoba kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Januari 2016 ikafuata Mtendeli. Kila aliyepokelewa alifika kwenye meza ya uandikishaji: jina, kwao ni wapi, kaja na nani.

Meza hiyo haikuwa ngeni katika nyanda hizi. Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Kabla na baada ya hapo kulikuwa na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo. Asiye kwenye orodha hakuwa na mgawo wa unga, maharage wala mafuta, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukosa kuandikwa.

Lakini orodha inayolisha huweza pia kuua. Rwanda, mwaka 1994, kitambulisho kilichotaja kabila, desturi iliyoachwa na Wabelgiji tangu miaka ya 1930, kilitosha kumaliza mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Mkimbizi wa Nduta, ambaye mpaka wa Burundi haukuwa mbali naye, hakuhitaji kuelezwa kwa nini jina lake lisizagae.

Zama za karatasi, ulinzi ulikuwa kabati na ufunguo wake. Miaka ya 2000 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilileta proGres, programu ya uandikishaji iliyotengenezwa kwa msaada wa Microsoft, na majina ya kambi nzima yakaweza kubebwa kwenye begi la bega, na kuibwa nalo.

Miaka hiyohiyo, kwingineko, watu wa mfumo huria wa Linux walikuwa wakihangaika na swali lilelile la mashine inayoibwa. Nje ya Linux, pembe iliyosahaulika ilitazamwa na Niels Provos, aliyeeleza mwaka 2000 jinsi mfumo mwingine, OpenBSD, ulivyosimba swapu, yaani ulivyofunga kwa ufunguo wa siri sehemu ya diski inayoisaidia RAM. Mwaka 2004 dm-crypt, zana ya kusimba diski, iliingia kwenye kiini cha Linux toleo la 2.6.4, na Clemens Fruhwirth akabuni LUKS, utaratibu wa kuhifadhi funguo mwanzoni mwa patisheni. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, katika toleo la mwaka 2007 ikaliweka jambo zima ndani ya kisakinishi chake. Tangu hapo fundi wa kawaida hakuwa tena na kisingizio.

Kwa nini swapu? Karani anafungua faili la mama aliyetoka Makamba, Burundi. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa, na kwenye kompyuta kuukuu hujaa upesi, kiini cha mfumo husukuma baadhi ya kurasa zake kwenye diski ili kupata nafasi. Karani anafunga faili, analisimba kwa nywila ndefu, anazima mashine. Jina la yule mama huenda bado limelala kwenye swapu, wazi, likimsubiri yeyote atakayeichomoa diski na kuichomeka kwingine. Patisheni ya ruti, inayobeba mfumo wenyewe, nayo ina yake: kumbukumbu za matukio, faili za muda, nakala ambazo programu hujiwekea bila kuaga.

Dawa ya swapu ni rahisi ajabu. Ndani ya /etc/crypttab mfumo huagizwa kuchota ufunguo mpya wa kubahatisha kutoka /dev/urandom kila unapowashwa. Hakuna anayeujua, hata mwenye mashine. Ila mkono ukiteleza ukaandikwa sda2 badala ya sda3, patisheni isiyohusika inaweza kugeuzwa swapu na data zake kupotea. Ndiyo maana mafundi makini hutaja diski kwa kitambulisho chake cha kudumu kilichomo /dev/disk/by-id.

Ufunguo huo huishi kwenye RAM kwa nguvu ya umeme, nazo Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya TANESCO, shirika la umeme, kwa miaka mingi. Gridi ya taifa ilifika Kasulu mwaka 2022. Umeme ukikatika na mashine ikazimika, ufunguo wa kubahatisha hupotea baada ya muda mfupi, na hilo ni jema. Ubaya ni kwamba laptopu haiwezi tena kuhifadhi kazi kwenye swapu, kuzimika kabisa na kuamka ilipoishia. Anayetaka hilo huiweka swapu pamoja na ruti ndani ya LUKS moja, kwa nywila moja. Kuifunika tu ikiwa usingizini ndani ya gari ni kujidanganya: ufunguo unabaki kwenye RAM, na watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba unaweza kuchotwa humo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kufikia wakati huo Mtabila ilikuwa imefungwa tangu 2012, na Mtendeli tangu 2021, watu wake wakihamishiwa Nduta. Kambi ikifungwa, kompyuta zake huhama au hustaafu. Diski ya LUKS hufutiwa funguo zote kwa amri moja, cryptsetup luksErase, na kama hakuna nakala ya kichwa chake iliyowekwa pembeni, yaliyomo hayasomeki tena. Swapu ya ufunguo wa kubahatisha haihitaji hata hiyo: kuzima mashine kunatosha.