Katuni Zilipojifunza Kulia

Nimekuwa kimya kidogo, msidhani nimewatupa. Ni tesiti tu, madesa yamejaa mpaka kitandani. Leo nimetoroka kuandika kuhusu ubishi uliozuka chumbani kwetu. Mwenzangu anayesoma uhandisi alinikuta naangalia katuni akacheka sana: eti mwalimu mtarajiwa mzima bado naangalia vitu vya watoto! Nikamwambia kaa chini nikupe historia. Haya, na ninyi sogeeni.

Tuanzie Marekani, mwaka 1983. Ndipo ilipoanza He-Man and the Masters of the Universe, katuni iliyotokana na midoli ya kampuni ya Mattel. Mwaka uliofuata FCC, tume ya serikali inayosimamia utangazaji kule, ikalegeza masharti ya matangazo kwenye vipindi vya watoto. Mwaka huohuo 1984 ikaja Transformers, nayo ya kuuza midoli ya Hasbro. Katuni nyingi za namna hii ziliuzwa kwa vituo vidogovidogo vya televisheni, na kila kituo kingeweza kuzionyesha bila kujali mpangilio. Kwa hiyo kila sehemu ilibidi imalizike pale ilipoanzia. Shujaa akipigwa leo, kesho yuko mzima kama hakuna lililotokea. Mwishoni mtoto anapewa somo fupi la maadili, basi, kwaheri.

Sasa ebu fikirieni: kama hakuna linalobaki kutoka jana, huzuni itakaa wapi?

Mwaka 1986 ikatoka filamu ya Transformers. Midoli mipya ilikuwa inakuja, ya zamani ikapaswa kupisha, basi Optimus Prime, kiongozi wa upande wa wema, akauawa mbele ya macho ya watoto. Walilia kweli, jamani! Malalamiko yakawa mengi mpaka mwaka 1987 wakamrudisha akiwa hai. Hata filamu ya G.I. Joe iliyokuwa inatengenezwa ikabadilishwa, shujaa wao Duke akawa amezimia tu badala ya kufa. Wengi wanasema fundisho lake ni kwamba watoto hawawezi kifo. Mimi sikubali. Wale watoto walipewa msiba bila matanga. Hakuna aliyekaa nao wakaomboleza, ilikuwa ni kuondoa mzigo wa zamani dukani tu.

Mabadiliko yakaanza taratibu. Mwaka 1992 Batman: The Animated Series ilimchukua Mr. Freeze, jambazi wa barafu aliyekuwa kama kichekesho, ikampa mke mgonjwa aitwaye Nora aliyegandishwa akisubiri tiba. Ghafla mtoto anamwonea huruma mtu mbaya. Sehemu ile, iliyoandikwa na Paul Dini, ilishinda tuzo ya Emmy.

Halafu mwaka 2005 ikaja Avatar: The Last Airbender. Hii ni hadithi moja ndefu, sehemu 61 mpaka ilipoisha mwaka 2008, na yaliyotokea nyuma hayafutiki. Katika sehemu ya tatu tu, Aang, mtoto wa miaka 12 aliyelala ndani ya barafu kwa miaka 100, anarudi kwao na kukuta mifupa ya mlezi wake. Na yupo mzee Iroh, jenerali mstaafu. Mwanawe alikufa vitani baba akijaribu kuuteka mji wa Ba Sing Se. Miaka baadaye mzee anaishi kama mkimbizi ndani ya mji huohuo. Siku moja anamwimbia mtoto wa watu aliyekuwa analia, mtoto ananyamaza. Jioni anapanda kilimani, anaweka picha ya mwanawe chini ya mti, anaimba wimbo uleule na sauti inamkatika. Dakika chache tu! Mako, mwigizaji wa sauti ya Iroh, alifariki Julai 2006, na watengenezaji wakamtolea heshima palepale.

Mwaka 2012 Adventure Time nayo ikatuonyesha kwamba Ice King, yule mzee msumbufu, zamani alimlea Marceline akiwa mtoto mdogo baada ya vita. Taji analovaa limemla akili, hamkumbuki tena. Wenye bibi au babu aliyeanza kusahau majina ya wajukuu, hapo mtanielewa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kwetu mtoto akifiwa mara nyingi anaambiwa "baba amesafiri". Anapelekwa kwa jirani mpaka watu wazike. Wiki ijayo yuko darasani, na mwalimu anamchapa kwa kutosikiliza. Muda si mrefu nitakuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na mtoto huyo lazima atakuwepo, dawati la tatu au la nne. Sitamwonyesha katuni, umeme wenyewe unaweza usiwepo. Ila nitakumbuka Iroh: hakumdanganya mtu kwamba mwanawe yuko safarini. Alitaja, akalia, kisha akashuka kilimani kuendelea na maisha. Mtoto anaweza kubeba ukweli, asichoweza ni kuubeba peke yake.

Haya wadau, wewe ulipofiwa utotoni uliambiwaje? Niandikieni. Mimi narudi kwenye madesa. Alamsiki!